Mistari Imejaa, Sauti Inakatika: Majibu kwa Wasomaji Wenye Redio za Kidijitali

Barua tatu za safari hii zimetoka Magomeni, Kimara na Changanyikeni. Vifaa ni tofauti lakini kilio kinafanana: mawimbi yapo tele, ila sauti au picha haikai. Ya Magomeni tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayowapotezea mafundi fedha nyingi bila sababu.

SWALI: Mhariri, nasimamia chumba cha mawasiliano cha kampuni ya ulinzi hapa Magomeni. Mtandao wetu wa redio za upepo ni wa kidijitali, UHF, karibu na 450 MHz, na una leseni. Tuna minara miwili, mmoja juu ya ghorofa Posta na mwingine Ubungo, na yote miwili inarusha masafa yaleyale kwa wakati mmoja. Mezani nimeweka skana ya kidijitali (kipokezi cha kusikilizia masafa mengi) niliyoagiza kutoka Marekani ili tusikie malindo yote. Mistari ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo chake imejaa, lakini maneno yanakatwa katikati na mengine yanageuka mlio wa roboti. Cha ajabu, redio ya mkononi iliyo mezani hapohapo inasikika safi. Nilinunua antena kubwa nikaiweka juu ya paa, mambo yakawa mabaya zaidi. Je, skana ni mbovu? *Msimamizi, Magomeni*

JIBU: Skana yako ni nzima, ndugu msimamizi, na wala huna upungufu wa mawimbi. Unachopokea ni minara miwili kwa pamoja, yenye nguvu zinazokaribiana, na skana haijui imfuate nani. Utaratibu huu wa minara kadhaa kurusha kitu kilekile kwa masafa yaleyale huitwa simulikasti. Unasaidia sana pale masafa yanapokuwa machache, lakini unadai nidhamu kubwa kwenye minara na kwenye kipokezi.

Fikiria wimbi lenyewe. Kwenye 450 MHz urefu wa wimbi ni kama sentimita 67. Wewe upo Magomeni, Posta iko mashariki yako na Ubungo magharibi, kwa hiyo mawimbi mawili yanakujia yakitazamana. Kilele cha moja kikikutana na bonde la jingine, yanafutana. Mashimo hayo ya ukimya hujipanga kila baada ya sentimita 33 hivi, na kati ya shimo na kilele kuna takriban sentimita 17 tu. Antena ikikaa ndani ya shimo, hupati kitu cha kueleweka.

Kuna na suala la muda. P25 (ya toleo la kwanza) na DMR, mifumo miwili ya redio za upepo za kidijitali, hutuma alama 4,800 kwa sekunde, yaani kila alama hudumu maikrosekunde 208. Wimbi husafiri kilomita 1 kwa maikrosekunde 3.3. Minara ikipishana kwa makumi ya maikrosekunde, mkia wa alama moja unapanda juu ya kichwa cha inayofuata, na kipokezi kinasoma makosa. Redio ya zamani ya analogi ingekupa mkwaruzo tu na ungeendelea kuelewa. Ya kidijitali hurekebisha makosa hadi kikomo, na kikishapitwa inakata kabisa. Mistari ya nguvu haikuambii lolote kuhusu hayo, kwa sababu inapima jumla ya nguvu inayoingia. Kitu cha kutazama ni namba ya makosa, kama skana yako inaionyesha. Kama haionyeshi, sikiliza miito 20 na uhesabu mingapi imekatika. Andika namba hizo kwenye karatasi, maana sikio peke yake hudanganya.

Sasa utaona kwa nini antena ya juu ya paa iliharibu. Ulipokuwa chini, kuta zilikuwa zinauziba mnara mmoja zaidi ya mwingine, na skana ilikuwa na mmoja wa kumfuata. Juu ya paa inaiona yote miwili sawasawa.

Na redio ya mkononi je? Imetengenezwa kwa ajili ya mtandao huo. Skana nyingi hutumia njia ya zamani ya kusoma FM, inayofuata mabadiliko ya masafa na kutupa habari ya nguvu ya wimbi. Hapa kuwa mwangalifu na maelekezo unayosoma, kwa sababu mengi yanahusu mitandao ya P25 ya Marekani. Huko minara mingi ya simulikasti hurusha wimbi la aina ya CQPSK, ambalo nguvu yake hupanda na kushuka pamoja na alama. Kipokezi kinachotupa habari ya nguvu kinapoteza kitu ambacho kingekisaidia kusoma alama kwa usahihi. Ndiyo maana kampuni ya Uniden ilipotoa skana za SDS100 mwaka 2018 na SDS200 mwaka 2019, zenye kipokezi kinachobakiza nguvu na awamu ya wimbi (hatua lilipofikia kati ya kilele na bonde), wasikilizaji wa huko walizikimbilia. Lakini DMR hutumia wimbi ambalo nguvu yake haibadiliki. Kama mtandao wenu ni DMR, usitumie fedha za skana mpya kabla hujamaliza kazi ya antena.

Kabla ya kununua chochote, fanya majaribio matatu.

La kwanza, rudisha antena fupi iliyokuja na skana, kisha isogeze skana mezani kwa hatua za sentimita 10, mpaka nusu mita, ukihesabu makosa kila mahali. Hali ikibadilika sana kati ya hatua moja na nyingine, umeyapata mashimo tuliyoyasema.

La pili, toa antena kabisa na uweke waya wa sentimita 5. Sauti ikisafika ghafla, huenda tatizo ni kipokezi kulemewa, pengine na mnara wa simu au kituo cha FM kilicho karibu. Hapo ndipo ateniueta, kifaa cha kupunguza nguvu ya mawimbi, husaidia. Tunasisitiza kwa sababu watu wengi hukosea: ateniueta inapunguza Posta na Ubungo kwa kiasi kilekile. Uwiano wao haubadiliki, kwa hiyo haitibu ugomvi wa minara yenyewe, isipokuwa kama mnara mmoja tayari ni dhaifu kiasi cha kuzama kwenye kelele.

La tatu ndilo lenye uhakika, na wewe una nafasi ya kulifanya kwa kuwa mtandao ni wenu. Mwombe fundi wa mtandao azime mnara wa Ubungo kwa dakika 5, saa ambayo malindo yametulia na walinzi wote wameshaarifiwa. Skana ikisafika palepale, hakuna tena cha kubishania.

Tiba ni kuufanya mnara mmoja uwe na nguvu kuliko mwenzake. Tofauti ya desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, kwa kawaida inatosha. Anza na ukuta, hauna gharama: weka antena dirishani upande wa mashariki, chini, ili zege la jengo lote libaki kati yake na Ubungo. Ikishindikana, tengeneza antena ya Yagi ya vijiti vitatu. Magomeni mna bahati, kwa sababu minara yenu ipo pande zinazopingana, na Yagi hushika vizuri mbele na kupuuza nyuma.

Vipimo vya 450 MHz ni hivi. Kijiti cha nyuma sentimita 33, cha kati 31, cha mbele 29, na nafasi ya sentimita 13 kati ya kimoja na kingine. Tumia fimbo za shaba za kuchomelea zenye unene wa milimita 3 na bomba la plastiki la maji la nusu inchi. Kijiti cha kati kikate katikati, acha pengo la sentimita 1, kisha lehemu waya wa ndani wa kebo kwenye nusu moja na wavu wa nje kwenye nusu ya pili. Kebo izungushe mizunguko 5 midogo karibu na hapo, ili wavu wenyewe usigeuke antena. Vijiti visimame wima, kama antena za redio zenu. Nguzo ya chuma isipite katikati ya vijiti. Shikiza bomba kwa nyuma, au tumia mlingoti wa mbao. Antena hii ni ya kupokea tu, usiifunge kwenye redio ya kurushia.

Kwa kebo chukua RG-6, ileile ya televisheni inayouzwa Kariakoo. Ni ya omu 75 na skana inataka 50, lakini kwa kupokea hasara ya tofauti hiyo ni ndogo mno. RG-58 nyembamba hupoteza zaidi ya desibeli 3 kwa kila mita 10 kwenye masafa haya, RG-6 karibu nusu yake.

Ukielekeza, usifuate mistari ya nguvu. Geuza kwa nyuzi 15, hesabu makosa, geuza tena. Mara nyingi upande wenye makosa machache si ule wenye mistari mingi, na huo wa makosa machache ndio unaoutaka.

Ukifanya yote hayo na bado sauti inakatika, hasa kama redio za walinzi nazo zimeanza kulalamika maeneo ya katikati, angalieni minara. Kila mnara lazima uchukue saa na masafa yake kutoka GPS. Kristali ya kawaida ya kutunza masafa yenye usahihi wa nusu kwa milioni inaweza kukosea Hz 225 kwenye 450 MHz. Minara ikitofautiana hata kwa Hz 5, mashimo hayatulii mahali pamoja: yanampita msikilizaji mara 5 kwa sekunde hata akiwa amekaa kitini. Kwa hiyo sauti ikikatika kwa mpigo unaojirudia, na kusogeza antena hakubadilishi kitu, shuku antena ya GPS ya mnara mmojawapo. Kagua kebo yake kama imeingia maji na kama kuna kitu kipya kinachoziba anga. Ukishajiridhisha na saa, fundi apitie ucheleweshaji wa kurusha wa kila mnara, ili pale nguvu zinapolingana, na muda wa kufika nao ulingane. Mahali pa kuisukumia sehemu mbaya ni baharini au kwenye misitu ya Pugu. Isiangukie Magomeni.

Na kama shida ni kusikia tu mezani, ipo njia fupi kuliko zote hizi: chukua redio moja ya mtandao wenyewe, ifunge kwenye chaja, toa sauti yake kwenye spika. Skana ibaki ya akiba.

SWALI: Nina king'amuzi cha antena ya kawaida. Picha inagandaganda, hasa usiku na mvua ikinyesha. Fundi aliniwekea busta, nguvu ikapanda hadi 95 lakini ubora umeshuka hadi 30. Kabla ya hapo nguvu ilikuwa 60 na ubora 55. Niongeze busta ya pili? *Mama wa watoto watatu, Kimara*

JIBU: Hapana mama, usiongeze. Itoe hata hiyo moja, uangalie kwanza. Namba zako mwenyewe zimeshasema: nguvu ilipopanda, ubora ulianguka. Busta inakuza kila kitu kinachoingia, na hapa kuna mengi ya kuingia. Televisheni inaishia 694 MHz, na mawimbi ya simu za 4G yapo kwenye 700 na 800 MHz, mlango wa pili. Mnara wa simu ukiwa mtaani kwako, busta ya bei rahisi inalemewa na kuanza kuchafua chaneli zako.

Tofauti na redio za barua iliyotangulia, televisheni ya DVB-T2 (mfumo wa kidijitali wa antena) imebuniwa kuvumilia mwangwi. Kila alama yake huachiwa muda wa ziada ili mawimbi yaliyochelewa, yakitoka mnara mwingine au yakirudi kutoka kwenye jengo, yasiharibu kitu. Muda huo, kutegemea mipangilio ya mrushaji, unaweza kuzidi maikrosekunde 200, sawa na kilomita zaidi ya 60 za safari. Kwa hiyo katika nyumba ya Kimara tungeshuku kwanza kebo na viungo, mwangwi mwishoni.

Mvua ndiyo inayotupa jibu. Mawimbi ya UHF hayasumbuliwi na mvua kama ya dishi, kwa hiyo maji yanaingia mahali. Fungua kiboksi cha antena pale kebo inapofungwa. Ukiona ukijani kwenye shaba au wavu umegeuka mweusi, kata kebo kama nusu mita, mpaka ufikie shaba inayong'aa, na uweke konekta mpya ya kukandamiza. Zile za kusokota kwa mkono hulegea. Uhakikishe hakuna hata uzi mmoja wa wavu unaogusa waya wa katikati. Funika kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe mweusi juu yake. Kebo ishuke chini kidogo na kupanda tena kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondokee kwenye kitanzi hicho.

Baada ya hapo angalia kigawanyio. Cha njia mbili hula karibu desibeli 4, cha njia nne karibu 8. Kama una televisheni moja, kiondoe. Antena ilingane na za majirani wanaopata picha nzuri, kwa uelekeo na kwa vijiti kulala au kusimama. Kukosea hilo la pili peke yake hupoteza nguvu nyingi sana. Kwa kugandaganda kwa usiku, zima taa za LED moja moja ukiangalia ubora. Zipo taa za bei ndogo zinazomwaga kelele kwenye nyaya za nyumba nzima.

Ubora ukifika 60 na zaidi bila busta, acha hivyo. Nguvu ikibaki 60 haina ubaya wowote.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nina kidude cha USB cha RTL-SDR, kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta. Nataka kujifunza kupokea mawimbi ya kidijitali, lakini kila programu inaonyesha mistari mingi ya uongo na hakuna inachosoma. Pia, je, naruhusiwa kusikiliza redio za polisi kwa ajili ya kujifunza tu? *Mwanafunzi, Changanyikeni*

JIBU: Tuanze na la mwisho, ndugu mwanafunzi. Usifanye. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini, na "kujifunza tu" hakutakulinda. Vyombo vya redio navyo viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwa hiyo waulize kabla ya kuagiza chochote kinachorusha.

Yapo mawimbi yanayotangazwa ili yapokelewe na yeyote, na ni shule nzuri. Meli za bandarini na zinazosubiri nje hutangaza jina, mwendo na mahali zilipo kwa AIS (mfumo wa meli kujitambulisha), kwenye 161.975 na 162.025 MHz. Ndege zinazokwenda na kutoka uwanja wa Julius Nyerere hutangaza mahali zilipo kwenye 1,090 MHz. Changanyikeni mko juu, kwa hiyo mna mwanya mzuri kuelekea kote kuwili. Kwa AIS, waya wa sentimita 44 uliosimama wima, na mingine minne ya urefu huo imeinamia chini, unatosha kuanzia.

Mistari ya uongo inatokana na kulemewa. Kidude hicho kina biti 8 tu, yaani hupima wimbi kwa ngazi 256, na jiji hili limejaa vituo vya FM vyenye nguvu kati ya 88 na 108 MHz. Zima ukuzaji wa mawimbi wa kujiendesha. Anza na sifuri, panda hatua moja moja ukitazama sakafu ya kelele, ule mstari wa chini wa mchoro. Ikianza kuinuka pamoja na mawimbi, rudi hatua moja na uache hapo. Kama bado, nunua kichujio cha kuzuia FM, ni kidogo na kinafungwa kati ya antena na kidude. Kasi ya sampuli (vipimo vya wimbi) isizidi milioni 2.4 kwa sekunde, zaidi ya hapo zinapotea njiani. Tumia kebo ya USB ya mita 2 ili kidude kikae mbali na kompyuta yenyewe, ambayo ni chanzo kikubwa cha kelele.

Mwisho ni masafa. Vidude vya bei ya chini vinaweza kukosea kwa 50 kwa milioni. Kwenye 162 MHz hiyo ni zaidi ya kHz 8, na programu itakuwa inasikiliza pembeni ya chaneli. Kiache kipate joto dakika 20, linganisha na wimbi ambalo masafa yake unayajua kwa hakika, kisha andika tofauti kwenye sehemu ya ppm. Vyenye kristali ya TCXO, inayojirekebisha joto likibadilika, havina usumbufu huu, kosa lao ni karibu 1 kwa milioni.

Ukija kujaribu programu ya sdrtrunk kwenye mtandao ambao una ruhusa ya maandishi kuupokea, utakuta mahali pa kuchagua kati ya C4FM na LSM, njia mbili za kusoma wimbi. Hiyo ya pili ndiyo ya minara ya P25 inayorusha kwa pamoja. Ukiiacha kwenye ya kwanza, utapata kukatika kulekule kwa msimamizi wetu wa Magomeni.